MJUE NYUKI KABLA YA KUINUA SHOKA

Somo letu la leo linaanzia chini ya mti wa mninga, katika wilaya ya Sikonge, mkoa wa Tabora. Tulikuwa tumekwenda kijijini kuwatembelea wanakisomo. Tulipofika darasani hatukumkuta mtu. Ubao ulikuwepo, chaki ilikuwepo, watu hawapo. Mtoto mmoja akatuambia, "Wote wako shambani. Wanabishana habari ya nyuki."

Tukaifuata njia mpaka shambani. Shamba lilikuwa jipya. Miti yote ilikwisha katwa, umebaki mninga mmoja mzee, tena mkubwa. Kwenye shina, usawa wa kifua cha mtu, palikuwa na kijibomba chembamba cha nta nyeusi. Wadudu wadogo weusi walikuwa wakiingia na kutoka humo. Mbele ya mti alisimama kijana na shoka begani.

Kijana alisema hivi: "Hawa ni nyuki wa porini. Tuangushe mti, turine asali, nao watahamia mti mwingine. Nyuki ndivyo walivyo."

Mzee mmoja akakataa. "Nyuki gani hao? Nyuki asiyeuma ni nyuki? Hivyo ni visubi tu."

Mama mmoja akajibu, "Mzee wangu, kisubi hana asali. Mimi asali ya hawa nimelambishwa tangu mdogo, nikiwa na kikohozi. Lakini hilo la kuhama, mimi sijapata kuwaona wakihama."

Basi wote wakatugeukia sisi. "Mwalimu, wewe umesoma. Amua!"

Kusema kweli, hatukujua. Tulisoma chuo cha ualimu, lakini pale chini ya mninga hatukuwa na jibu. Tukawaambia: "Tusiamue kwa ubishi. Tuamue kwa kutazama." Kijana akakubali kuweka shoka chini mpaka tumalize. Somo likafanyika pale pale. Ndilo tunalowaletea leo, pamoja na mambo tuliyoyasoma baadaye.

HATUA YA KWANZA: JE, NI NYUKI KWELI?

Tulikamata mdudu mmoja kwa chupa safi. Tukampitisha mkono kwa mkono, kila mtu akamtazama. Nawe, ndugu msomaji, ukitaka kumtambua mdudu, fanya hivyo hivyo. Hesabu kwanza, sema baadaye.

Hesabu miguu. Yetu ilikuwa 6. Tazama mwili. Una sehemu 3: kichwa, kifua na tumbo. Basi huyu ni mdudu. Buibui ana miguu 8, kwa hiyo si mdudu wa jamii hii.

Hesabu mabawa. Hapa watu wengi hukosea. Nzi ana mabawa 2 tu. Visubi na mbu nao wana mabawa 2. Nyuki ana mabawa 4: mawili makubwa mbele na mawili madogo nyuma. Nyuki akiruka, bawa la nyuma hushikamana na la mbele, na yote mawili huonekana kama moja. Mtazame akiwa ametulia. Yule wetu alikuwa na mabawa 4.

Lakini ngoja kwanza. Nyigu naye ana mabawa 4. Tutamtenga vipi? Tazama mguu wa nyuma. Nyigu hana haja ya kubeba unga wa maua, kwa sababu watoto wake huwalisha nyama ya wadudu wengine. Nyuki hulisha watoto wake chavua, yaani ule unga wa maua. Nyuki wenye asali wana mahali papana penye kishimo kwenye mguu wa nyuma, pamezungukwa na vinyweleo. Hicho ndicho kikapu chao cha kubebea chavua.

Tulikaa tukikitazama kile kijibomba. Haukupita muda mrefu, mdudu mmoja akarudi na tonge la njano kila mguu wa nyuma. Akaja mwingine, na mwingine. Mzee akacheka mwenyewe. "Haya, nimeshindwa. Kisubi hana kikapu."

Basi la kwanza likaisha. Hawa ni nyuki.

HATUA YA PILI: NI NYUKI WA UKOO GANI?

Duniani wanajulikana nyuki wa aina zaidi ya 20,000. Walio wengi hawakai makundi makubwa, wala hawana asali ya kurina. Hukaa mmoja mmoja. Wengine huchimba vishimo ardhini. Wako wale wakubwa weusi wanaotoboa mbao za paa zetu kwa matundu ya duara. Nao ni nyuki.

Wataalamu hupangaje viumbe wengi namna hii? Wanapanga kama sisi tunavyopanga watu. Ukitaka kumjua mtu, unauliza: kabila gani? Ukoo gani? Mlango gani? Mwana wa nani? Kila swali linakusogeza karibu. Nyuki vile vile. Ukoo mkubwa huitwa familia. Ndani ya familia kuna milango, nayo huitwa jenasi. Ndani ya jenasi kuna aina zenyewe, nazo huitwa spishi.

Kila spishi ina jina la maneno mawili. La kwanza ni jina la mlango wake, la pili ni lake mwenyewe. Majina haya ni ya Kilatini, ili mtu wa Tabora, wa Kampala na wa Brazil wote wamtaje mdudu yule yule bila kupotezana.

Mpango huu uliwekwa na mtaalamu wa Uswidi, Carl Linnaeus. Mwaka 1758 alimpa nyuki wa asali jina la Apis mellifera. Mellifera maana yake ni mbeba asali. Baadaye akaona amekosea kidogo. Nyuki habebi asali kutoka kwenye ua. Hubeba maji matamu ya ua, na asali huitengeneza nyumbani. Mwaka 1761 akataka kulibadili jina liwe mellifica, yaani mtengeneza asali. Haikuwezekana. Kanuni ya wataalamu ni kwamba jina la kwanza kutolewa ndilo linalosimama. Tuikumbuke kanuni hiyo, tutaihitaji mbele.

Apis mellifera ndiye nyuki wetu mkubwa, yule wa mizinga, yule mwenye mwiba mkali. Tena ndani ya aina hiyo moja kuna vikabila. Kikabila cha nyika za Afrika Mashariki huitwa scutellata. Mwaka 1961 mtaalamu aitwaye F. G. Smith, aliyefanya kazi ya nyuki hapa Tanganyika, alieleza vikabila viwili vingine: litorea wa pwani na monticola wa milimani. Wote hao ni Apis mellifera.

Je, wale wa mninga walikuwa Apis mellifera? Tuliwalinganisha. Tazama tofauti hizi:

(a) Mwili. Nyuki mkubwa ana urefu wa zaidi ya sentimita moja. Wale wa mninga walikuwa kama punje ya mchele.

(b) Mwiba. Nyuki mkubwa huchoma na kuacha mwiba kwenye ngozi. Nyuki wadogo wana mwiba uliodumaa, hauwezi kuchoma. Lakini usiwadharau. Hung'ata, huingia masikioni na machoni, hujisokota kwenye nywele.

(c) Bawa. Ukiwa na kioo cha kukuzia, tazama mishipa ya bawa. Kwa nyuki mkubwa mishipa ni mingi na inaonekana wazi. Kwa nyuki wadogo ni michache, na mingine imefifia.

(d) Mlango wa nyumba. Nyuki mkubwa huingia kwenye ufa au tundu tupu. Nyuki wadogo wengi hujenga kijibomba kwa nta iliyochanganywa na utomvu wa miti.

(e) Akiba. Nyuki mkubwa huweka asali kwenye masega yenye vijumba vya pembe sita. Nyuki wadogo huweka asali kwenye vijungu vya nta, vya mviringo, vilivyoshikamana kama mayai. Chavua nayo ina vijungu vyake. Majana, yaani watoto wa nyuki, wana vijumba vyao mbali na asali.

Kwa alama hizi tukajua. Nyuki wa mninga hawakuwa nyuki wakubwa walio wadogo kwa umri, kama kijana alivyodhani. Nyuki akishatoka kwenye kijumba chake amekwisha kukua. Haongezeki tena. Hawa ni mlango mwingine kabisa: nyuki wadogo wasiouma. Nyuki wakubwa na nyuki wadogo wamo katika familia moja, iitwayo Apidae. Ni ndugu wa ukoo, lakini nyumba zao ni mbalimbali na mila zao ni mbalimbali.

HATUA YA TATU: NI NYUKI WADOGO WEPI?

Wapo watu wanaosema, "Nyuki wadogo ni nyuki wadogo tu." Siyo. Mwaka 2004 mtaalamu wa Afrika Kusini, Connal Eardley, alitoa maandishi akiwapanga upya nyuki wasiouma wa Afrika nzima. Alipata karibu aina 20. Warina asali wetu nao wanajua kuwa wako mbalimbali, na kila kabila lina majina yake. Sisi tutaanza kuwapanga kwa nyumba zao, kwa kuwa nyumba huonekana bila darubini.

1. Wa matundu ya miti, wenye ukubwa wa punje ya mchele. Mmoja wao anajulikana kwa jina la ferruginea, maana yake mwenye rangi ya kutu. Lakini jina lisikudanganye. Wako wenye wekundu wa kutu, na wako weusi. Ndiyo sababu tunasema rangi peke yake haitoshi kumtambua nyuki. Hata wataalamu hawajakubaliana juu ya mlango wake: vitabu vingine humwita Meliponula ferruginea, vingine Axestotrigona ferruginea. Ukikuta majina hayo mawili, ujue ni nyuki yule yule.

2. Wa nyufa na matundu madogo, wenye ukubwa wa punje ya ufuta. Hawa ni wa mlango wa Hypotrigona na jamaa zao. Hukaa kwenye vijitawi vyenye uwazi, kwenye nyufa za kuta, hata kwenye miimo ya milango. Ndio wale wanaokusumbua machoni unapolima wakati wa joto. Wanatafuta jasho na maji ya macho. Watu wengi huwaua kwa kofi, wakidhani ni visubi.

3. Wa ardhini na kwenye vichuguu. Mmoja wao hujenga ndani ya kichuguu, na mara nyingi mchwa wenyewe wako hai humo. Juu huoni kitu ila kijibomba kifupi. Huyu zamani vitabu vilimwita Plebeina hildebrandti, jina alilopewa mwaka 1900. Baadaye ikaonekana nyuki huyo huyo alikwisha kupewa jina la armata mwaka 1895. Je, tunakumbuka kanuni? Jina la kwanza ndilo linalosimama. Basi leo anaitwa Plebeina armata.

4. Wa nyumba ya nje. Huyu ni Dactylurina schmidti, wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania. Hatafuti tundu. Hujenga nyumba yake ya utomvu na nta hadharani, ikining'inia kwenye tawi. Tena masega ya majana yake yamesimama wima, na vijumba viko pande zote mbili, kama ya nyuki mkubwa. Nyuki wadogo wengine wengi hawafanyi hivyo.

Yuko na mwizi. Anaitwa Cleptotrigona cubiceps. Huyu haendi mauani kutafuta chakula. Huvamia nyumba za nyuki wadogo wenziwe na kuiba. Utamjua kwa nini? Mguu wake wa nyuma hauna kikapu. Mwizi hahitaji kikapu cha maua.

Kwa hiyo nyuki wa mninga tuliwaweka katika kikundi cha kwanza. Jina kamili hatukulitaja. Nyumba na ukubwa hutufikisha mlangoni tu. Kumtaja kwa jina lake kunahitaji mtaalamu, kioo cha kukuzia na nyuki mwenyewe mkononi.

HATUA YA NNE: KUNA FAIDA GANI KUJUA?

Hapo kijana mwenye shoka aliuliza swali zuri. Alisema, "Mwalimu, nimeelewa. Ni nyuki wadogo. Sasa kuna tofauti gani? Asali si asali? Nikiangusha mti watahama."

Ndugu wasomaji, hapa ndipo penye kiini cha somo letu.

Nyuki wakubwa wanaweza kuhama. Kundi likigawanyika, mama mzee, yaani malkia, hutoka yeye mwenyewe pamoja na kundi kubwa. Hutundikana tawini, kisha huruka kwenda makao mapya. Hata wakisumbuliwa sana, au njaa ikiingia, kundi zima huweza kuondoka na malkia wao.

Nyuki wadogo siyo hivyo. Malkia wao akishaanza kutaga, tumbo lake hujaa mayai na kuvimba. Mabawa hayambebi tena. Hawezi kuruka mpaka siku ya kufa kwake. Nyumba ile ndiyo nyumba yake ya mwisho.

Sasa nyuki wadogo huongezekaje? Kwanza nyuki wafanyakazi hutafuta tundu jipya. Kisha hubeba nta na asali kutoka nyumba ya zamani, kidogo kidogo, siku nyingi, kupeleka kwenye nyumba mpya. Mambo yakiwa tayari, anakwenda malkia kijana, ambaye bado anaweza kuruka. Mama mzee hubaki. Ni kama kijana anayejenga kwake huku akichukua chakula kwa wazazi. Bila nyumba ya wazazi, nyumba mpya haisimami.

Basi mtu akiangusha mti na kuupasua, kunatokea nini? Vijungu vinavunjika, asali inamwagika, siafu na sisimizi wanakuja. Wafanyakazi wanaruka, lakini mama hawezi. Kundi bila mama halina majana. Bila majana, limekwisha.

Tena tufanye hesabu. Asali ya nyuki wadogo katika mti mmoja ni kidogo mno kuliko ya mzinga wa nyuki wakubwa. Kwa asali hiyo kidogo unatoa mti wa mninga uliochukua miaka mingi kukua, unatoa kundi zima, na unatoa asali yote ya miaka ijayo. Unatoa pia wasaidizi wako shambani. Nyuki wadogo nao huhamisha chavua kutoka ua hadi ua, na bila kazi hiyo mazao mengi hayazai vizuri.

Tulipofika hapo, kijana akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mwaka jana niliangusha mmoja kule bondeni. Siku ya tatu nikarudi kuchukua kuni. Nikawakuta wanazunguka hewani, pale pale tundu lilipokuwa, na mti haupo. Nilisema hawa wajinga, kwa nini hawaendi? Kumbe hawakuwa na pa kwenda."

Hakuna aliyemcheka. Wengi wetu tumefanya hivyo.

Lakini kama mti lazima ukatwe kwa sababu nyingine, kundi linaweza kuokolewa. Fanya hivi:

- Ngoja giza liingie, nyuki wote warudi nyumbani.
- Ziba kijibomba kwa wavu mwembamba, hewa ipite.
- Kata juu ya nyumba na chini ya nyumba. Usiipasue. Ziba ncha zote mbili za gogo kwa ubao au udongo, siafu wasiingie.
- Beba gogo likiwa limesimama vile vile lilivyokuwa kwenye mti. Usiligeuze wala kulilaza. Kila yai la nyuki wadogo huelea juu ya chakula laini kama uji ndani ya kijumba chake. Ukiligeuza gogo, yai huzama na kufa.
- Litundike mahali penye kivuli, kisha zibua kijibomba.

Kama hujapata kufanya kazi hiyo, mwite Bwana Nyuki wa wilaya aje awaonyeshe.

HATUA YA TANO: KALAMU YA RISASI

Tulisema jina kamili linahitaji nyuki mwenyewe mkononi. Hapo ndipo mwanakisomo anapoingia kazini.

Chukua chupa ndogo yenye kifuniko kinachobana. Tia spiriti, ile ya kusafishia vidonda. Kamata nyuki 8 au 10 pale mlangoni pao. Kundi lenye mamia au maelfu halitadhurika. Usifungue nyumba yao.

Sasa kata kikaratasi kidogo, uandike kwa kalamu ya risasi. Usitumie wino. Wino huyeyuka katika spiriti, ukaja kukuta karatasi nyeupe. Andika namna hii:

Kijiji, wilaya, mkoa: (andika vyote vitatu)
Tarehe: (siku, mwezi, mwaka)
Nyumba: tundu la mti wa mninga, mti hai
Urefu toka chini: mita 1 na nusu
Mlango: kijibomba cha nta nyeusi
Aliyekamata: (jina lako)

Kikaratasi kiingie ndani ya chupa pamoja na nyuki, kisibandikwe nje. Cha nje hubanduka. Kisha peleka chupa kwa Bwana Nyuki wa wilaya, naye ataipeleka kwa wataalamu.

Kwa nini maandishi haya ni makubwa kiasi hicho? Kwa sababu nyuki asiye na maandishi hana kwao. Mtaalamu anaweza kumtazama mchana kutwa. Atajua sura yake, lakini hatajua anaishi wapi, katika mti gani, wala alipatikana mwezi gani. Nyuki waliohifadhiwa katika majumba ya makumbusho wana thamani kwa sababu kila mmoja ana kikaratasi chake. Maandishi ya mtu aliyekuwepo pale siku ile hayawezi kubuniwa baadaye na mtu aliye mbali.

Pale chini ya mninga, kikaratasi kiliandikwa na yule mama aliyelambishwa asali utotoni. Alikuwa amemaliza kisomo mwaka ule. Aliandika "muninga". Mtu mmoja akataka kumsahihisha, tukamzuia. Ilisomeka vizuri, na mti alikuwa anaujua kuliko sisi.

Kijana alikubali mninga ubaki. Akalima kuuzunguka. Tulipofikisha chupa wilayani, Bwana Nyuki aliiinua kwenye mwanga wa dirisha. Hakuanza kutazama nyuki. Alianza kusoma kikaratasi.

MANENO YA KUKUMBUKA

Chavua: unga wa maua ambao nyuki hulisha watoto wake.
Jana (wengi: majana): mtoto wa nyuki ambaye bado yumo katika kijumba.
Kurina: kutoa asali kwenye mzinga au mti.
Familia: ukoo mkubwa wa viumbe wanaofanana.
Jenasi: mlango mmoja ndani ya familia.
Spishi: aina moja ya kiumbe, yenye jina lake la maneno mawili.

MASWALI

1. Nzi ana mabawa mangapi? Nyuki ana mangapi?
2. Taja tofauti tatu kati ya nyuki mkubwa na nyuki wadogo wasiouma.
3. Kwa nini nyuki aliyeitwa hildebrandti sasa anaitwa armata?
4. Kwa nini nyuki wadogo hawawezi kuhama mti wao ukiangushwa?
5. Kwa nini tunaandika kikaratasi kwa kalamu ya risasi, si kwa wino?

KAZI YA KIKUNDI

Tembeeni kijijini kwenu na mtafute nyumba za nyuki wadogo: mitini, kwenye kuta na kwenye vichuguu. Msizifungue. Andikeni katika daftari mahali, aina ya mti, na umbo la mlango. Waulizeni wazee majina ya nyuki hao kwa lugha ya nyumbani, myaandike nayo. Kisha jadilianeni: katika kijiji chetu, ni makundi mangapi yaliyopotea kwa shoka, na ni mangapi tunayoweza kuyalinda mwaka huu?